Wako Chini, Msichimbe

Machi 2

Daktari ameniamuru niandike kila siku nilichokula, ili ijulikane presha yangu inatoka wapi. Haya: uji, viazi vya kuchemsha, chai. Karatasi imebaki nyingi na mvua ya kwanza inagonga bati tangu asubuhi, kwa hiyo nitaandika pia habari za wakazi wa maana wa nyumba hii, yaani jongoo wangu watatu.

Presha haitoki kwenye chumvi, daktari. Inatoka kwa binti yangu, ninayekaa kwake tangu mama yake afariki. Binti ni mkuu wa wasafishaji wa wodi, na akirudi nyumbani anaendelea na kazi kana kwamba na sisi tumelazwa. Kila kitu humu kinanuka dawa ya sakafu. Chumba changu tu ndicho kimemshinda, na ndani ya chumba, kabati.

Mimi nilikuwa fundi saa mpaka macho yalipogoma. Duka lilipofungwa nilibaki na kibano, kioo cha jichoni, na kabati dogo la vioo nililokuwa nikipangia saa za kuuza. Sasa lina udongo shubiri mbili, majani yaliyooza, maganda ya mayai yaliyopondwa, na jongoo weusi, kila mmoja mrefu kuliko kidole changu cha kati. Walitoka kwenye chungu cha maua cha marehemu mke wangu. Ua lilikufa mara tu tulipohamia huku, mimi na chungu. Nilipokimwaga, nikawakuta watatu wamejikunja ndani kama springi za saa ya mezani. Mke wangu aliniachia vitu vichache, na hivyo vichache havikuwa na miguu. Nikawakaribisha.

Karani hutembea akipapasa na vile vipembe vyake kama mtu anayetafuta kalamu aliyoichomeka sikioni mwenyewe. Shangazi ukimgusa anajikunja kutwa, anasubiri kuombwa radhi. Mwenyekiti ndiye mkubwa wao na hajawahi kufika popote kwa wakati. Nikiweka ganda la tango, wenzake wanakula, wanashiba, wanaondoka, ndipo yeye anatokea taratibu kana kwamba alikuwa anasubiriwa.

Kanuni yangu ni moja. Jani haliingii kabatini bila kuanikwa juani mpaka likauke kabisa, maana kwenye majani mabichi hujui nani kajificha. Fundi saa haingizi kitu ndani ya saa bila kukipuliza.

Machi 5

Mvua. Viazi. Jongoo wazima.

Machi 9

Upepo umeondoka na paa la mama yake Kimya. Kimya ni mume wa binti yangu, fundi bomba. Jina nimempa mimi, kwa sababu maneno yake ya mwaka mzima yanaenea kwenye kisanduku cha kiberiti. Basi mama yake, mkwe wangu, ameletwa leo na godoro lake, atakaa mpaka paa lirudi. Amepewa chumba kinachopakana na changu. Ukuta wa katikati ni wa mbao na haufiki juu, kwa hiyo nikikohoa, yeye ananipa pole.

Hapo ndipo penye moto. Mdomo wangu haujazoea likizo. Namtania muuza mkaa, namtania daktari, msibani nimewahi kutolewa nje kwa kuwachekesha wachimba kaburi. Lakini mkwe ni mkwe, hataniwi. Leo jioni tumekaa naye barazani:

"Umeshindaje, mkwe?"

"Salama, mkwe. Wewe je?"

"Salama, mkwe."

Kisha tukatazama mvua. Baadaye akasema, "Mvua kubwa, mkwe." Nikasema, "Kubwa kweli, mkwe." Nilijisikia kama nimevishwa viatu vya mtu mwingine.

Machi 11

Mkwe ameingia kunisalimu akaona kabati. Akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa mlango.

"Mkwe, hawa ni nini?"

"Jongoo, mkwe."

"Wanafanya nini humo?"

"Wamestaafu, mkwe. Kama mimi."

Hakucheka. Alitengeneza mtandio wake akasema Mungu awape afya njema, akatoka.

Machi 14

Karani kashuka chini. Kachimba pembeni, kageuka kidogo, kajifukia mpaka nikaona mkia tu, halafu mkia nao haupo. Anakwenda kujivua gamba. Jongoo akikua, gamba lake linambana kama suruali ya zamani, kwa hiyo anajichimbia chumba udongoni, anajifungia, analivua. Akitoka kwenye gamba ni mweupe na laini kama mkate uliolowa. Ukimchimbua wakati huo, umemuua. Yuko chini, basi yuko chini, unakaa kimya unasubiri.

Machi 16

Shangazi naye kashuka. Hakuaga.

Machi 19

Mwenyekiti amefuata, mwisho kama kawaida. Kabati sasa ni udongo mtupu na ganda la tango lisilo na mlaji. Nimekaa mbele yake asubuhi yote kama mtu aliyeachwa kituoni.

Machi 20

Kimenuka. Binti ameingia na fagio, akasimama mbele ya kabati.

"Baba, wako wapi?"

"Chini."

"Chini wapi?"

"Kwani kuna chini ngapi? Udongoni. Wanavua nguo. Kuwa na adabu, usitazame."

"Wote watatu kwa pamoja?"

"Wanapendana."

Binti hakutaka mzaha. Alisema mama mkwe wake halali, anasikia vitu vikitembea, na kabati lenyewe mfuniko wake haufungi vizuri. Akaenda jikoni, akarudi na kijiko kikubwa. "Nachimba kidogo tu nione."

Nikasimama mbele ya kabati. Mtu mzima na presha yangu, nimepanua mikono kama golikipa.

"Ukichimba unawaua."

"Baba, mimi nataka kujua kama wako ndani au wako kwenye shuka za mama wa watu."

"Mimi nakwambia wako ndani."

"Nitajuaje?"

Hilo ndilo swali linaloniumiza mpaka sasa ninapoandika. Kitu kiko pale, shubiri moja kutoka kwenye pua yake, na siwezi kumwonyesha bila kukiua. Maisha yangu yote mtu akiniuliza saa imekufaje, nafungua mgongo wa saa, tunatazama wote. Hapa nina kauli yangu tu, na kauli yangu nyumba hii imezoea kuicheka. Nimejitakia mwenyewe, lakini haipunguzi hasira.

Amenipa mpaka Jumapili. Asipowaona kwa macho yake, kabati linabebwa lote na gari la taka.

Machi 21

Mkwe ameweka miguu ya kitanda chake ndani ya makopo manne ya maji yenye dawa ya binti. Usiku akigeuka, makopo yanalia. Nina maneno mazuri sana ya kusema juu ya bibi anayelala kwenye meli, na siwezi kumwambia mtu yeyote. Yanioze mdomoni.

Machi 23

Mambo yameharibika. Mkwe ameamka, ameingiza mguu kwenye ndala, na kwenye ndala kulikuwa na jongoo. Hakupiga kelele. Alimwita mwanawe kwa sauti ndogo, mara moja, na hiyo ilitisha kuliko kelele.

Nilimtazama yule jongoo kwa kioo changu. Mdogo, rangi ya kahawia, miguu myekundu, wa nje kabisa, mvua imemtoa shimoni kama ilivyomtoa mkwe nyumbani kwake. Nikawaeleza taratibu. Wangu ni weusi. Wangu ni wakubwa mara mbili. Wangu miguu yao ni ya kahawia iliyokolea.

"Baba," binti akasema, "jongoo ni jongoo."

Nikamtazama Kimya, labda atasema neno. Alikuwa anamwokota yule jongoo kwa kipande cha kadi, akamtoa nje, akarudi kunywa chai.

Jongoo ni jongoo. Nimelala nalo, nimeamka nalo.

Machi 25, Jumapili

Haya basi. Kama jongoo ni jongoo, watapewa jongoo.

Binti alipokwenda kununua sabuni, nilivaa koti la mvua la Kimya nikazunguka nyuma ya nyumba. Chini ya ubao uliooza karibu na karo la kufulia kulikuwa na mkutano mzima wa miguu myekundu. Nikachukua watatu. Nikachukua na majani mawili matatu ya pale pale, nikayamwaga kabatini kwa haraka ili waonekane wenyeji. Jua la kuyaanika lilikuwa wapi? Hatujaliona tangu mwezi uanze.

Binti akaja, akainama, akahesabu kwa kidole. "Si ungesema tu wametoka," akasema, na uso wake ukalainika. Akanikatia tango mwenyewe. Nilijisikia mshindi kwa muda wa kula kipande kimoja.

Maana nyuma yake alikuwa amesimama mkwe. Alitazama sana.

"Mkwe, wamepungua mwili."

"Mvua inakondesha, mkwe."

"Na miguu imekuwa myekundu."

"Baridi hiyo, mkwe."

Akatikisa kichwa kwa heshima zote, akaenda zake. Huyu bibi ananichukia, na ananichukia kwa adabu, hata huwezi kumjibu.

Machi 28

Mvua. Viazi. Binti ananiita "Baba" kwa sauti ya zamani. Nimeshinda, na sioni raha yake.

Aprili 2

Leo viazi vitasubiri.

Leo mchana nilikuwa nabadilisha tango. Kati ya jani na kioo nikaona kitu kimelala bapa, chekundu cha matofali, kirefu kama kalamu. Nikadhani ni ufito. Kikasogea. Jongoo anatembea kama saa iliyorekebishwa vizuri, hana haraka na hasiti. Hiki kilipita kama wembe kwenye karatasi.

Tandu.

Amekuja na majani ya karo. Majani yangu mwenyewe, niliyoyaingiza kwa mkono wangu mwenyewe, bila kuyaanika. Niliinua kibano. Alifika pembeni, akakuta tundu, akaingia. Tundu lenyewe lilikuwa pale Karani aliposhukia.

Tandu hali majani. Tandu anakula vitu laini, na ndani ya udongo ule kuna wazee watatu waliovua nguo, weupe, laini, milango imefungwa kwa ndani. Nikichimba kumtoa, nawaua. Nisipochimba, anawala. Na nikimwita mtu anisaidie, itabidi nieleze majani yametoka wapi, na jongoo wenye miguu myekundu wametoka wapi, na binti atanitazama vile anavyowatazama wagonjwa wanaoficha sigara chini ya mto.

Nilimwambia Kimya peke yake, akiwa anafunga mfuko wake wa spana. Nikamwambia yote. Alisikiliza, akakuna shingo, akaenda kazini. Nilitamani nimrushie kiatu.

Viazi sikula. Daktari aandike hilo.

Aprili 3

Kimya amerudi kazini akaniwekea mkononi kisanduku cha kiberiti. Ndani kuna mende wawili wazima wa mtaroni. Kumbe ndivyo anavyojibu.

Nikamfunga mende mmoja uzi kiunoni, nikafunika kabati kwa blanketi ili mle ndani kuwe giza, nikaingiza kichwa humo na tochi niliyoifunika kwa kitambaa, nikaanza kumning'iniza mende juu ya lile tundu. Magoti yananiuma, jasho linanitoka. Mara nikasikia nyuma yangu:

"Mkwe, unavua?"

Nilitoa kichwa. Mkwe amesimama mlangoni na kikombe cha chai.

"Ndiyo, mkwe," nikasema.

"Wanakula?"

Sauti yake ilikuwa ile ile ya heshima, lakini pembe moja ya mdomo ilikuwa haikai sawa. Nikamtazama vizuri. Mwezi karibu mzima nimekaa naye baraza moja na sikuwa nimemtazama.

"Mkwe," nikasema, "kuna tandu humu. Nimemleta mimi."

"Najua. Nilikuona dirishani siku ile ya Jumapili. Umevaa koti la mwanangu, makalio juu, umeinama kwenye ubao. Nilidhani umedondosha meno."

"Sasa kwa nini hukusema kwa binti?"

Akakaa kitandani kwangu bila kukaribishwa. "Niseme ili iweje? Nyumba hii kila mtu ananipisha. Mwanangu hasemi. Mke wa mwanangu ananiuliza kama nimekula, nimelala, nimekunywa dawa. Wewe unataniana na muuza mkaa mpaka nakusikia ukutani, nikija mimi unaniambia mvua kubwa. Mimi si msiba, mkwe. Nikaona angalau una uongo mmoja mzuri, nikauacha unichangamshe."

Nikasema, "Na lile jahazi lako la makopo, limefika bandari gani?"

Alicheka mpaka chai ikamwagika kwenye shuka langu. Nilikosea kumhesabu kuwa adui. Nilikuwa nimemkabidhi mwenyewe kiti cha hakimu, halafu nikalalamika kwamba ananihukumu.

Lakini tandu hakutoka.

Aprili 4

Tumemkamata. Naandika kwa mkono wa kushoto, mwenye kucheka herufi na acheke.

Mkwe alikaa kwenye stuli, miguu juu, kwa sababu amekubali kunisaidia, hakukubali kukanyaga. Yeye alishika uzi. Mkono wake hautetemeki kabisa, alikuwa mshonaji. Tulikaa chini ya blanketi asubuhi nzima, wazee wawili vichwa gizani, tunanong'ona kuhusu bei ya mabati. Mara uzi ukavutika. Tandu alitoka nusu, akamkumbatia mende, kichwa kimeinama kama anasali.

"Usivute," nikasema.

"Sivuti. Na wewe usipumue."

Nikashuka na kibano nikambana katikati. Nilibana kama navyobana mshale wa saa, kwa upole, na hilo ndilo kosa. Alijipinda akanipiga kwenye kidole cha shahada. Maumivu yake sijui niyafananishe na nini. Kama msumari wa moto ambao haujaridhika na mahali ulipoingia. Nilimwachia, akaanguka juu ya meza, na mkwe akaruka kutoka kwenye stuli, amekanyaga chini peku, akamfunika kwa kopo. Kopo la kitanda chake. Alikuwa amekuja nalo tangu mwanzo, limefichwa chini ya mtandio.

Hapo ndipo binti akaingia. Akaona baba yake ameshika mkono akitaja watu ambao hawahusiki. Akaona mama mkwe wake amelala kifua juu ya kopo.

Alinishughulikia kidole kwanza. Maji ya moto, kidonge, kitambaa. Mkono ulipomaliza kufungwa ndipo akauliza, na mimi nikaeleza, na mkwe akasahihisha pale nilipojipendelea.

"Kwa hiyo uliniongopea," binti akasema.

"Uliniambia jongoo ni jongoo."

"Baba, ningekuamini kama ungeniambia unaogopa."

"Nilipanua mikono kama golikipa. Ulidhani nacheza?"

"Ndiyo," akasema. "Wewe unacheza kila siku. Mimi nitajuaje siku ambayo huchezi?"

Aprili 5

Mkono umevimba kama andazi. Nimewatoa wale watatu wenye miguu myekundu, nimewarudisha kwenye ubao wao. Binti alitaka tandu amwagiwe dawa. Kimya akasema, "Muache." Tulimgeukia wote watatu. Alikuwa ameshamtobolea mfuniko wa chupa matundu ya hewa. Sasa tandu anaishi dirishani kwangu, jina lake Mkaguzi, kwa sababu alikuja bila taarifa akala kila alichokikuta.

Sijui kama alikula. Nasema tu. Labda hakula.

Aprili 8

Hakuna aliyetoka.

Aprili 13

Hakuna. Kimya kaleta mende.

Aprili 17

Hakuna. Binti amesema mvua ikiisha tuone mwisho wake, ama wapo au hawapo, hawezi kufagia akizunguka kaburi.

Aprili 24

Paa la mkwe limerudi. Ameondoka leo. Nimembebea makopo yake mpaka kwenye gari, nikamwambia apige honi akitia nanga. Akaniambia niwasalimie wafu na wazima wa kabatini. Chumba cha pili kimya. Nikikohoa hakuna anayenipa pole.

Mei 3

Jua. Bati limekauka. Binti amekuja na kile kijiko, ila safari hii amenikabidhi mimi.

Nilitumia brashi yangu ya kusafishia saa, na kioo jichoni. Kwa Karani nilikuta chumba chake kimebomolewa ubavuni, na ndani pete, pete tupu za mwili wake, nyepesi kama kucha. Kwa Shangazi vile vile. Yeye alikuwa amejikunja, nusu ya duara bado ipo. Nikazipanga pete juu ya kitambaa kama navyopanga vipuri, kwa mpangilio, ingawa hakuna cha kuunganisha tena.

Ikabaki pembe ya Mwenyekiti. Nilishika brashi hivi. Mkono ukakataa.

"Endelea, Baba," binti akasema, lakini kwa upole.

"Sitaki."

"Utajua, ukae na amani."

"Nikichimba na yupo, nimemuua mimi. Wale wawili nimeshawaua mimi. Niachie huyu mmoja nisijue."

Nilisubiri aniambie nacheza. Alizitazama zile pete. Akauliza kama hawa ndio waliotoka kwenye chungu cha mama. Nikasema ndio. Sikuwahi kumwambia, na yeye hakuwahi kuuliza. Nilikuwa nimemwambia kila kichekesho juu yao isipokuwa hilo.

Akachukua mfuniko, akaufunga taratibu, akaenda kufagia sebule.

Mei 6

Uji. Viazi. Binti anafagia akizunguka kabati.

Mei 10

Nimekuta ganda jipya la tango kabatini. Sikuliweka mimi. Nikamwuliza Kimya, akakuna shingo. Binti hakuulizwa, akajibu mwenyewe kutoka jikoni kwamba lilikuwa linatupwa tu.

Mei 12

Mkwe kapiga simu. Hakuuliza presha, hakuuliza mkono. Amesema, "Kikao kimefunguliwa?" Nikasema akidi haijatimia. Akasema atasubiri, paa jipya halivuji na hana pa kwenda.

Mei 15

Asubuhi binti alikuwa anachelewa kazini. Alipita chumbani kwangu na viatu mkononi, akainama kwenye kioo kama anavyofanya siku hizi akidhani nimelala. Akakaa hapo. Akakaa sana.

"Baba."

"Nimelala."

"Baba, hili tango nani kalila?"

Nilikwenda na kioo jichoni. Ukingo wa ganda ulikuwa umekwanguliwa vizuri, umeacha weupe wa mviringo wa kazi ya usiku. Juu ya udongo hakuna mtu. Pembeni, kwenye pembe ambayo sikuichimba, kuna tundu jipya la kutokea, pana kuliko lile la kushukia.

Binti hakwenda kazini kwa wakati. Alivuta stuli ya mkwe, akakaa karibu na mimi, dawa ya sakafu ikinuka mikononi mwake, tukatazama jani moja lililokuwa limeinuka kidogo.

"Mbona hatoki?" akauliza.

"Ndivyo alivyo," nikamwambia. "Anasubiri tuondoke."